Kidude cha kupimia antena kilinionyesha pa kuchimba, nikaishia kung'oa mahindi ya mlinzi

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa hapa Songea, na hii siyo chai, yaani hadithi ya kutunga. Ingekuwa chai ningejipangia sehemu nzuri zaidi.

Mimi ni fundi wa redio moja ndogo huku Mshangano. Jina silitaji, wanaoijua wataijua. Si mzaliwa wa huku, kazi ndiyo iliyonileta.

Msimu huu, mahindi yakiwa yametoa mbelewele, matangazo yetu yakaanza kufifia. Wasikilizaji wa Namtumbo walipiga simu kulalamika, baadaye wakaacha hata kupiga.

Meneja wetu, mama mmoja asiyependa maneno mengi, akaniita ofisini. "Fundi, kama ni mtambo sema. Kama ni mtu, sema."

Hiyo "kama ni mtu" ndiyo iliyoniingia.

Maana mtu nilikuwa naye tayari kichwani. Mlinzi wetu, Mzee Gama wa Maposeni, analima mahindi ndani ya uzio wa redio. Waliofika Songea wanajua, huku ardhi haiachwi hivi hivi, hata ile iliyo kati ya ofisi na mnara. Sasa waya wetu wa antena unatoka chumba cha mtambo, unapita chini ya ardhi mita ishirini katikati ya mahindi hayo, ndipo unapanda mnara.

Nikajisemea, jembe limepiga waya, mzee kanyamaza.

Nikawa nampa shikamoo asubuhi huku macho yangu yakiwa kwenye jembe lake. Alikuwa anaitika vizuri tu, na hilo nalo nikaliona ni dalili!

Nikaagiza mtandaoni kile kidude cha kupimia antena, kile cha bei chee kinachoenea kiganjani. Nacho sikukiamini. Humu ndani mmeshatuonya sana kuhusu vitu feki.

Kioo chake ni kidogo, unakodoa macho mpaka yanauma. Kwa hiyo nikakiunganisha na laptop kwa USB, nikapakua programu yake ya bure, grafu zote zikaja kubwa kubwa. Nikakisawazisha na vile vipande vitatu vya kukirekebishia vinavyokuja nacho, mara tatu. Nikapima waya mwembamba wa kawaida wa mita tano, kikasema tano. Kesho yake nikapima tena, tano.

Basi siku ya kazi tukazima mtambo, nikachomoa waya mkubwa, nikachomeka kidude.

Grafu ikaonyesha nguvu nyingi inarudi nyuma badala ya kwenda hewani. Programu ina sehemu ya kukadiria hitilafu iko umbali gani. Nikaifungua, kikaja kilima kimoja kirefu kwenye mita kumi na nane na nusu.

Nikavuta futi kamba. Inaangukia kwenye mahindi, karibu kabisa na mnara.

Niseme ukweli, nilifurahi. Kidude nilichokishuku wiki nzima, siku kiliponiambia nilichotaka kusikia sikukiuliza swali hata moja.

Nikamwita meneja aone laptop, na Mzee Gama akaitwa. Nikamwambia mbele ya watu, "Mzee, kompyuta inaonyesha hapa ndipo ulipokata waya."

Akaangalia kioo, akaangalia mahindi yake. "Sijakata waya mimi, fundi."

Meneja akamwambia akapumzike nyumbani mpaka atakapoitwa. Kupumzika kwa namna hiyo tunakujua wote. Mzee akavaa koti lake, akaondoka.

Mimi nikang'oa mistari minne ya mahindi, nikachimba. Waya mzima. Nikasogea mbele, mzima. Nikarudi nyuma, mzima.

Na bado nikamshuku! Nikawaza labda kauunga waya kimyakimya.

Kesho yake nikafungua ile programu upya, safari hii nikisoma kila kitu. Kumbe kwenye sehemu ya umbali kuna orodha ya aina za waya, kwa sababu mawimbi hayaendi kwa kasi moja ndani ya kila waya. Mimi niliiacha kwenye waya wa kawaida, kama ule wa majaribio. Waya wetu wa mnara ni ule mnene wenye povu ndani, humo mawimbi hukimbia zaidi.

Nikachagua aina sahihi. Kilima kikasogea mpaka mita ishirini na nne.

Hapo si shambani tena. Ni juu ya mnara, mita nne kutoka chini, penye kiungo nilichokifunga mimi kwa tepu wakati wa mvua. Nilipokifungua, maji yakanichuruzikia mkononi.

Nikashuka mnara kwa aibu.

Nikaenda kwa meneja nikasema kosa ni langu. Akajibu, "Basi kamrudishe mwenyewe."

Jumamosi nikaenda Maposeni. Mzee akanipa kiti, nikaletewa kikombe cha togwa, na ukarimu ule uliniumiza kuliko matusi. Nikaomba radhi, nikamweleza habari ya kiungo.

"Hicho nakijua," akasema. "Siku ile mvua inanyesha, ngazi si nilikushikia mimi? Nikakuambia tungoje ikatike, ukasema vipindi vinaanza."

Nikamuuliza, sasa mzee, mbona hukusema?

"Hukuja kuuliza, fundi. Ulikuja na kompyuta."

Nikamaliza togwa yangu, nikamwomba arudi kazini.

Kazini amerudi, na Namtumbo wanatusikia vizuri. Kidude ni kizuri wakuu, nunueni, ila chagueni aina ya waya kabla ya kuamini umbali. Na kabla hata ya kukiwasha, muulizeni aliyekuwepo. Mimi nilikuwa na shahidi, nikamfanya mtuhumiwa.

Nimeomba msimu ujao nimlimie mistari minne. Kasema tutaona.

Karibuni mnisute, nimestahili. Ila waliowahi kumshuku mtu halafu wakakuta kosa ni lao, mliishi naye vipi baadaye? Maana siku hizi nikitoka na koleo langu la kuchimbia, Mzee Gama anaacha anachofanya, anakuja kusimama karibu na mahindi yake, mikono nyuma, mpaka nimalize.