Karatasi ya munganga inasema naona vizuri

Wakuu wa kaye hii, daftari letu la kupokezana, wa Kasongo na wa Kabambare, nawasalimu wote, ninyi mnaosoma kwa sauti na ninyi mnaosoma kimya pembeni.

Tangu kaye hii ianze kusafiri na kamyo ya mizigo kati ya miji yetu miwili, nimesoma ya wengi na sijaandika neno. Leo naandika yaliyonipata mimi mwenyewe. Sijaongeza kitu. Kama kuna mahali nimepunguza, basi ni aibu iliyonishinda.

Ukurasa huu ni wa nne. Kurasa tatu za kwanza nilizipasua kwa sababu mistari ilipinda. Wanaonifahamu hawatashangaa.

Mimi ni mtoto wa wakulima, upande wa Wamaza. Shule niliacha mwaka wa pili, baba alipohitaji mikono kwa mpunga wetu na kwa pamba tuliyolazimishwa kulima. Kuandika nilijifundisha peke yangu. Nilinakili katekisimu yote mara mbili, kisha maandishi ya kwenye magunia, kisha karatasi yoyote niliyookota njiani. Herufi g peke yake ilinichukua msimu mzima wa mvua.

Mzee Saleh, karani mkubwa wa tribinali ya chifu pale Kabambare, aliona barua niliyomwandikia jirani yetu, akaniita kwa majaribio. Kazi ni kuandika kila kesi katika kitabu kikubwa: nani ameshtaki, nani amejibu, wazee wameamua nini. Ukifaulu, unakuwa karani. Ukishindwa, unarudi kwenye mpunga.

Mpunga siuchukii. Lakini nilikuwa nimejinyima mengi kwa ajili ya kalamu ile, na sikuwa na kitu kingine cha kuonyesha kwamba mimi ni mtu.

Mwezi wa pili, macho yakaanza.

Sijui niyaeleze vipi. Asubuhi naona kila kitu, hata nyuzi za karatasi. Jua likipanda, nahisi kama kuna mchanga chini ya kope. Herufi zinaanza kulainika, kama unaziangalia kupitia mvuke wa sufuria. Nikifumba na kufumbua, zinarudi. Nikiandika mistari miwili, zinaondoka tena.

Na jambo lililonichanganya zaidi: macho nayahisi makavu kama majani ya kiangazi, halafu hayo hayo yanatoa machozi. Yakauke na yatiririke kwa wakati mmoja, namna gani? Mwenye jibu aliweke akilini, nitamwomba mwishoni.

Siku moja ilikuwa kesi ya mke aliyerudi kwao. Anaeleza mambo yake, mimi naandika, machozi yananidondoka mpaka kwenye kola. Mume akasimama.

"Wazee, muangalie karani wenu. Kesi haijakwisha, yeye anamulilia muke wangu."

Mzee mmoja wa tribinali akamjibu, "Labda ni shemeji yako, na hawakukuambia."

Watu walicheka mpaka walioko nje wakaja kuchungulia. Mimi nilitamani meza inimeze. Mume yule hakucheka. Alisema hataki hukumu yake iandikwe na mtu mwenye huruma upande mmoja, na kwa kweli, kama ningekuwa yeye, nami ningesema hivyo.

Mzee Saleh aliniita pembeni. Alisema niende Kasongo, kwenye dispanseri, munganga anipime na aniandikie karatasi. Macho yakiwa mazima, kazi inaendelea. Yakiwa mabaya, atatafuta mtu mwingine kabla ya Mzungu mkuu wa teritori kuja kukagua kitabu. Alisema bila ukali. Ukali ungenisaidia, ningepata wa kumkasirikia.

Nilipanda kamyo ya pamba, juu ya magunia, vumbi lote la njia likiwa langu.

Sasa nafika kwenye kosa langu, wakuu. Naomba msome polepole.

Kwenye baraza la dispanseri tulikuwa foleni ndefu. Mlango ulikuwa wazi. Ukutani ndani kuna karatasi ya herufi: za juu kubwa kama bakuli, za chini ndogo kama chawa. Kila mtu anayejua kusoma anasimamishwa kwenye alama sakafuni, anaambiwa azitaje.

Nyinyi mnajua tulivyolelewa. Sala tunakariri. Katekisimu tunakariri. Shuleni mwalimu anasema, sisi tunarudisha kwa pamoja. Swali likiulizwa mbele ya watu, jibu linatakiwa liwe tayari mdomoni. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba kuna mtihani ambao mtu anatakiwa aingie bila kujiandaa.

Walionitangulia wakawa wanataja. Mimi nikawa nasikiliza. Sikujiambia kwamba nadanganya, nawaapia. Masikio yalifanya kazi yaliyoizoea. Mtu wa tatu alipomaliza, nilikuwa nimeshika mistari yote isipokuwa wa mwisho. Wa mwisho niliupata kwa mwalimu mmoja wa misheni aliyekuwa mbele yangu. Alitaja vizuri sana.

Zamu yangu ilipofika, ilikuwa mchana. Nilisimama kwenye alama, nikaona bakuli la juu na ukungu chini yake.

Nikakariri mpaka chawa wa mwisho.

Munganga, mtu wa makamo mwenye miwani, alinigeukia kabisa. Akasema hajapata kuona macho kama haya, macho ya mwewe. Akafunua kope, hakukuta kidonda. Akaandika: macho mazima. Akapiga muhuri.

Na mimi, wakuu, nilifurahi. Hilo ndilo linalonitesa. Nilitoka na karatasi nikitabasamu, kama mtu aliyepona.

Mzee Saleh aliiweka karatasi katika jalada langu, na tangu siku hiyo sikuwa na ugonjwa tena. Yaani ugonjwa ulikuwepo, mgonjwa ndiye aliyekosekana. Nikisema herufi zinayeyuka, wananijibu kwamba munganga ameona vizuri. Mama alikuja kunitembelea, akasema ni kusoma kumezidi. Mke wa jirani alinidondoshea maji ya pilipili, akaniahidi kwamba nitaona hadi mji wa Nyangwe. Siku mbili sikuona hata mlango wangu.

Kuna wakati nilianza kuiamini karatasi ile kuliko macho. Imeandikwa, ina muhuri. Labda hivi ndivyo watu wote wanavyoona jua likipanda, na mimi tu ndiye mwoga. Nilimuuliza jirani kama naye mchana herufi zinamkimbia. Alinijibu kwamba yeye herufi hazijui hata asubuhi.

Nikaongeza bidii. Nilijifundisha kukaza macho ili mstari usinitoroke.

Halafu ikaja kesi ya ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, waliogombania shamba la bondeni. Wazee wakampa mdogo. Mimi nikanakili kutoka karatasi ya haraka kwenda kitabu kikubwa, mchana, macho yakiwaka. Nikaruka mstari.

Kesho yake hukumu ikasomwa mbele ya watu. Kitabu kikasema shamba ni la mkubwa.

Yule mkubwa akasema taratibu, "Muache hivyo. Amesoma muzuri."

Mdogo hakumwangalia kaka yake. Aliniangalia mimi. "Karani, amekupa nini?"

Hakuna nilichopewa. Mtu akikuuliza umekula nini, na hujala kitu, unaanza wapi? Mzee Saleh alileta karatasi ya kwanza, akasahihisha mbele ya wote, shamba likarudi kwa mwenyewe. Lakini lile swali lilibaki chumbani. Wote walilisikia.

Walipotoka, nilimwambia Mzee Saleh.

"Baba, karatasi ya munganga ni ya uongo. Niliikariri."

"Ulikariri nini?"

"Herufi za ukutani."

Alivua kofia, akaishika. "Zote?"

"Zote, baba. Mpaka za chini."

Aliirudisha kofia kichwani. Kisha akasema, "Mutu anajifunza namna ya kutotibiwa." Wala hakunifukuza. Alisema nirudi Kasongo nikamwambie munganga kwa mdomo wangu, nilete karatasi ya kweli. Baada ya hapo ndipo atajua la kunifanya.

Munganga wa miwani alinisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atanifukuza. Alicheka, kisha akaacha kucheka ghafla, nadhani alifikiria wangapi wengine wamekariri. Akachukua kipande cha katoni, akaandika herufi mpya kwa mkono wake, akanisimamisha kwenye alama.

Hapa ndipo nilipochanganyikiwa kabisa.

Nilizisoma zote.

Kwa haki, kwa macho, si kwa kichwa. Ilikuwa asubuhi. Ile siku niliyotaka kushindwa, nilifaulu. Nilimwomba aandike nyingine, ndogo zaidi. Nikazisoma. Nikaanza kulia kweli, na sasa hata mimi sikujua ni machozi ya aina gani.

Yeye ndiye aliyefikiria. Alinipa kalamu, akaniambia ninakili ukurasa mmoja pale pale, yeye anaendelea na wagonjwa wake. Kila akipita ananitazama usoni. Kabla ya adhuhuri ukungu ulishuka, nikamwambia. Akanionyesha katoni ile ile ya asubuhi. Nilitaja mbili za juu, nikakwama.

"Ndugu," akasema, "mbona hupepesi macho?"

Sikumwelewa. Alisema nikiandika nakuwa kama mtu anayelenga ndege. Amehesabu mpaka amechoka, sijafumba hata mara moja.

Nikauliza kama hiyo ndiyo sababu. Akasema huenda. Huenda ni vumbi. Huenda ni pilipili ile. Huenda ni ugonjwa ambao yeye hajafundishwa. Alinipa maji ya chumvi ya kuoshea na akaandika karatasi nyingine: asubuhi anaona, mchana haoni, macho makavu, sababu haijulikani.

Wakuu, ni karatasi mbaya. Haina jibu. Lakini niliikunja vizuri kuliko ile ya kwanza.

Mzee Saleh aliisoma mara mbili. Siku ya pili alimleta baba mmoja aliyekuwa mpimaji wa pamba, mtu mwema, mwandiko wake kama kuku aliyepita kwenye tope. Akasema: wewe utaandika mpaka jua linapofika kwenye kizingiti, kisha unampa kalamu. Si karani kamili. Si kwenye mpunga pia.

Kwa hiyo sasa kitabu kikubwa cha tribinali kina miandiko miwili kila siku. Wangu unaanza juu, umenyooka, halafu unakatika, hata katikati ya neno, na ule wa kuku unaendelea. Nilipouona mara ya kwanza nilitaka kuupasua ukurasa. Yeyote akikifungua ataona macho yangu yanaishia wapi kila siku.

Nimejifunza nini? Napepesa, naosha kwa maji ya chumvi. Kuna siku inasaidia, kuna siku haisaidii, na sielewi kwa nini. Ninachokijua ni kimoja: ukipimwa, shindwa pale unaposhindwa. Niliogopa mtu mmoja aone kwamba sioni, na karibu shamba la mtu mwingine lipotee.

Aliyewahi kupatwa na macho makavu yanayolia, au anayejua dawa isiyo pilipili, aniandikie hapa chini. Mwenye kutaka kunicheka naye acheke, nafasi ipo.

Ila andikeni kwa herufi kubwa. Na kaye ikifika kwangu, mniletee asubuhi.