Goti Uliache Mlangoni

Miaka ile ya soko huria mimi nilikuwa nimeshachoka, acha niseme ukweli. Nilikuwa nimefundisha sekondari kule Kisesa mpaka chaki ikanikausha koo, ndipo nikachukuliwa kufundisha Kiingereza kwenye chuo kikuu kimoja kichanga hapa Mwanza. Nilidhani nakwenda kupumzika na riwaya zangu. Thubutu! Muhula wa pili tu wakubwa wakatuita, wakasema dunia imebadilika, minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya, na wanafunzi wanataka Kiingereza cha kazi: cha simu, cha barua za biashara, cha usaili. Tukapewa redio moja na kanda sita. Riwaya zikarudi kabatini.

Kanda ya nne ilikuwa ya usaili. Mzungu mmoja mwenye sauti kavu alielekeza: ingia umenyoosha mgongo, toa mkono, mtazame anayekuuliza machoni, jisifu. Darasa zima likaangua kicheko. Kujisifu mbele ya mtu usiyemjua, jamani? Hata mimi niliona upuuzi mtupu. Lakini sikuwa na nguvu za kubishana na wakubwa, nikafundisha nilichoambiwa nifundishe.

Aliyeyashika yale kuliko wote alikuwa binti mmoja wa Magu aliyekuwa akikaa kwa shangazi yake Mabatini. Baba yake alikuwa amepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na wadogo zake watatu walikuwa wamekaa nyumbani bila ada, wakimsubiri yeye. Kiwanda kimoja cha samaki kikatangaza nafasi ya karani wa kuwasiliana na wanunuzi wa nje. Akaja kwangu, akapiga goti, macho chini, kama alivyolelewa, akaomba nimsaidie kujiandaa.

"Goti uliache mlangoni," nilimwambia. "Wazungu hawajui mambo ya goti. Wataona hujiamini."

Wiki mbili nzima tulifanya mazoezi. Mwanzoni alikuwa akinitazama, anaona haya, anacheka, anaficha uso. Siku alipoweza kunikazia macho bila kupepesa na kunieleza uhodari wake kwa Kiingereza kilichonyooka, nilimpigia makofi.

Siku ya usaili alirudi chuoni kabla ya saa sita, uso umemshuka.

"Hapakuwa na mzungu, mwalimu. Alikuwepo mzee mmoja tu, Msukuma mwenzetu. Ndiye anayeajiri."

Alikuwa ameingia amenyoosha mgongo, akawa wa kwanza kutoa mkono, akasalimia kwa Kiingereza, akaketi kabla ya kukaribishwa. Mzee alipomuuliza kwa Kiswahili anatoka wapi, alimjibu kwa Kiingereza huku amemkazia macho. Yule mzee akafunga faili. Akamuuliza, "Kwenu hamna wazee?" Basi, usaili ukaishia hapo.

Niliumia, tena sana. Kesho yake nikajikokota mpaka kiwandani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu, keti."

Nikajieleza kwamba mimi ni mwalimu wa yule binti. Akatikisa kichwa.

"Kiingereza anacho, sibishi. Lakini binti mzima anikodolee macho kama ananidai! Mnawafundisha nini huko chuoni?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema. Maneno nilikuwa nayo tayari, nilikuwa nimeyapanga njia nzima: mzee, kosa ni langu, ni mimi niliyemfundisha. Badala yake nikacheka.

"Aa, mzee wangu, watoto wa siku hizi! Tunasema mpaka midomo inachoka."

Naye akacheka. Tukawalalamikia vijana kidogo, yeye na mimi, kama watu wazima wawili wenye akili zao. Mwisho akasema binti aje Jumatatu aombe radhi, kisha ataona.

Nikaupeleka ujumbe Mabatini jioni ile ile. Hakufurahi hata kidogo.

"Niombe radhi kwa kosa gani, mwalimu? Si nilifanya ulivyonifundisha?" Akanitazama. "Ulimwambia kwamba ni wewe uliyenifundisha?"

Shangazi yake naye alikuwa ameacha kuchambua mchele, ananisikiliza.

"Nilimwambia," nikasema.

Uso ukamkunjuka. Akasema kama mwalimu wake amekubali kuaibika kwa ajili yake, yeye ni nani hata akatae kuomba radhi. Shangazi akaniletea soda. Jumatatu akaenda, akaomba radhi, akapewa kazi, na wadogo zake wote watatu walisomeshwa na mshahara ule.

Mpaka leo nikikutana naye mjini hunishika mkono kwa mikono yake miwili, akawageukia alio nao. "Huyu ndiye mwalimu niliyewasimulia," huwaambia. "Alikwenda kwa yule mzee akasema kosa ni lake."

Nami huitikia salamu, nikawaulizia watoto wake.