Mdogo Wangu Alivyopiga Magoti Sydney

Sikuwahi kutamani kuiona Australia. Nilikwenda kwa sababu mama alikuwa hapati usingizi tangu aliposikia kwamba Joeli, kitinda mimba wetu, amekamatwa na polisi huko Sydney. Joeli si mtu wa vurugu. Alikuwa mwalimu Kigoma, akamwoa Furaha, Mkongo aliyekulia kambi ya wakimbizi, na walipopata nafasi ya kuhamia ng'ambo wakaenda wote. Kwenye simu aliniambia jambo moja tu: "Dada, nilipiga magoti nikaomba. Hilo ndilo kosa langu." Wakati huo mipaka ilikuwa imefungwa kwa sababu ya Korona. Ilipofunguliwa mwanzoni mwa mwaka 2022, mama akaniambia, "Wewe umestaafu. Nenda ukamwone kwa macho yako, uniletee ukweli."

Nikaondoka Njombe kwa basi. Dar es Salaam nikachokonolewa pua kwa kipimo cha Korona, nikaonyesha cheti cha chanjo kila mlango, nikapanda ndege. Abiria karibu wote walikuwa na barakoa, na jirani yangu alifuta mkono wa kiti kila nilipougusa.

Sydney tulitua asubuhi yenye mvua. Joeli alinikumbatia mpaka miwani ikanitoka. Tukiwa garini nikamwambia anieleze tangu mwanzo, kwa kuwa mama hataki habari nusunusu.

Sheria ya jimbo lile, alisema, inaweka eneo la mita mia moja na hamsini kuzunguka kliniki zinazotoa mimba. Ndani yake huruhusiwi kuwazuia wala kuwashawishi wanaoingia. Mwaka uliotangulia, watu wakiwa wamefungiwa majumbani, yeye na Wakristo wenzake watatu waliingia eneo hilo wakijua watakamatwa. Waliweka soksi za mtoto mchanga getini, wakapiga magoti. Hawakusema neno. Polisi walikuja wengi, wakawabeba mmoja mmoja.

"Mlitaka nini?" nikamuuliza.

"Tuonekane. Nikipaza sauti kanisani, nani wa nje ananisikia? Sheria ikinikataza kuwaombea wasioweza kujitetea, naivunja mchana kweupe na adhabu naikubali. Na Dada, hakuna aliyeumia."

Kesi ilikuwa bado. Alikuwa amewaahidi wenzake kwamba akitoka mahakamani atakwenda moja kwa moja kupiga magoti palepale. Nilishtuka. Nilidhani nimekuja kusikia jambo lililokwisha.

Seven Hills, kitongoji cha Sydney, ndipo wanapokaa, karibu na ghala anakofanya kazi Joeli. Furaha anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea. Alinikaribisha kwa ugali na samaki, watoto wakaniamkia kwa Kiswahili kisha wakanijibu yote mengine kwa Kiingereza. Joeli alipokwenda kuoga, Furaha alisogeza kiti.

"Dada, bwana yangu ni mtu muzuri," alisema. "Na mimi sipendi mimba zitolewe, Mungu anajua. Lakini hatujapata uraia. Akihukumiwa mara mbili, itakuwaje? Watoto nitawaambia nini? Alors, yeye anasema ni msalaba wake. Mbona tunaubeba wote?"

Mimi mwenyewe ni Mlutheri wa tangu kuzaliwa na naamini anachoamini Joeli. Nilichokuwa sijawahi kujiuliza ni kama kuamini kunatosha kumfanya mtu aende akakamatwe.

Jumapili tulikwenda Minto, kitongoji kingine, kwenye ukumbi wanaokodi Waafrika kwa ibada. Joeli aliitwa mbele. Alisimulia jinsi alivyobebwa na polisi, na watu wakapiga makofi. Mzee Colin, Mwaustralia mwenye mvi aliyekuwa mmoja wa wale wanne, akainuka akamshika bega. Joeli akarudia maneno yaleyale: "Hakuna aliyeumia."

Msichana mmoja aliyeketi nyuma akainuka, akatoka nje. Alikuwa na ujauzito mkubwa.

Baada ya ibada alitusubiri kwenye maegesho. Akavua barakoa. Alijitambulisha kwa jina la Mercy, Mkenya, mwanafunzi, anakaa Guildford.

"Unanijua?" akamuuliza Joeli.

"Hapana, dada yangu."

"Siku walikushika nilikuwa upande ule mwingine wa barabara. Nilikuwa na appointment kwa hiyo kliniki."

Joeli alimtazama tumbo. Kisha akainua mikono yote miwili, machozi yakamtoka, akapaza sauti, "Haleluya! Mzee Colin! Njooni mwone!"

"Usiite watu!" Mercy alisema kwa ukali. "Please. Shusha mikono."

Akaishusha.

"Wewe unadhani niliona soksi zako nikabadilisha moyo? Soksi sikuziona. Niliona makarao, hao polisi, wamejaa. Nikasema wataniuliza visa, wataniuliza niko nje kufanya nini na tumeambiwa tukae kwa nyumba. Nikarudi. Kisha nikashikwa na Covid, nikajifungia room peke yangu. Kila siku nasema nitapiga simu kliniki, na naogopa. Mpaka siku moja nikasikia mtoto anacheza. Basi, sikuweza tena."

Gari moja lilipita polepole, watu wakatupungia mikono.

"Mtoto nampenda," akaendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Simjutii. Lakini kazi ya hoteli iliisha, shule nimesimamisha, na wenye nimekuwa nikikaa nao wanataka nihame kabla sijazaa. Juzi mtu akanitumia video yako kwa hii kanisa, unasema hakuna mtu aliumia. Nimekuja tu unione uso. Wewe walikubeba, watu wakakuombea. Mimi nilirudi na train pekee yangu."

Nilimtazama Joeli nikitegemea atasema neno, mdogo wangu asiyeishiwa maneno. Midomo ilicheza tu.

Furaha ndiye aliyesema. "Vitu vyako viko wapi?"

"Vitu gani?"

"Nguo. Kitanda. Tunaenda kuvichukua leo."

Mercy alisema hakuja kuomba msaada. Furaha akamjibu, "Najua. Ingia."

Guildford tulifika mchana. Vitu vyenyewe vyote vilienea kwenye buti la gari. Joeli alivishusha ngazini, na alipobeba beseni dogo jipya la kuogeshea mtoto aliketi nalo kwenye ngazi akalia kwa sauti. Mercy alipita pembeni yake. Hakumgusa, hakumkaripia.

Siku zilizofuata Mercy alilala chumba cha watoto. Alinisimulia mengi jikoni, ila Joeli akiingia alinyamaza. Joeli naye hakuwa akila vizuri. Niliogopa kwamba atakwenda kupiga magoti tena ili tu ajisikie msafi.

Mahakamani nilikwenda naye. Tulikaa kwa kuachiana nafasi kwa sababu ya Korona. Hakimu alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole. Joeli alikiri kosa, akaulizwa kama ana la kusema. Najua alikuwa ameandaa hotuba, maana nilimsikia akiifanyia mazoezi bafuni. Hakuitoa.

"Nilisema kila mahali kwamba hakuna aliyeumia," alisema. "Yupo aliyeumia. Imani yangu haijabadilika, mheshimiwa. Lakini hilo nililosema halikuwa kweli."

Alihukumiwa kifungo cha nje, kwa sharti la kutorudia.

Nje ya mahakama, wenzake walikuwa wanasubiri tayari kwa safari ya kliniki. Joeli akawaambia haendi. Mzee Colin alipauka uso.

"Lakini mtoto yuko hai!" alisema. "Huoni? Usingepiga magoti, polisi wasingekuja, na yule binti angeingia ndani. Leo mtoto asingekuwepo. Unaomba radhi kwa kitu gani?"

Nilitamani Joeli ampe jibu. Nilitamani nimpe mimi. Mpaka leo natafuta jibu hilo. Joeli alisema tu, "Mzee, umewahi kumuuliza anaendeleaje?" Colin akatazama pembeni. Wakaondoka bila sisi.

Hospitalini, Mercy aliposhikwa na uchungu, walituambia mtu mmoja tu ndiye anayeruhusiwa kuingia naye. Alinichagua mimi. Alinibana mkono saa zote zile, akilia akimwita mama yake aliye Nakuru. Mtoto wa kiume alipotoka na kulia, nami nililia ndani ya barakoa mpaka ikalowa. Joeli na Furaha walikuwa wakingoja garini. Nilipowapelekea habari, Joeli aliuliza kama anaweza kumwona. Nikarudi kumuuliza Mercy.

"Bado," alisema.

Nilirudi nyumbani baada ya Pasaka. Kwenye uwanja wa ndege, Joeli aliniambia kwamba siku hiyo asubuhi Mercy alikuwa amempa mtoto ambebe, akaenda kuoga. Alilieleza hilo kama mtu aliyepewa kitu asichostahili.

Njombe nilimkuta mama barazani. Nilimweleza yote kama ninavyowaeleza ninyi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo alikosea, au hakukosea?"

"Mama, yupo mtoto mzima wa afya, na yupo mama yake ambaye siku ile alitishwa na kuachwa barabarani. Siwezi kufuta mmoja ili habari inyooke."

"Kijana wa hapa akitaka kufanya kama Joeli, utamwambiaje?"

Nilifikiri kwanza. "Nitamuuliza kama nyumbani kwake kuna chumba. Kama hakuna, sitamsindikiza."

Mama akaniuliza yule binti ana nani wa kumpikia uji.