Betri Yenye Nukta Nyekundu Imerudi Dukani

Admin, nakuomba unifichie jina, maana wateja wetu wengi wanafuatilia ukurasa wako. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, naishi Kibaha na mume wangu, fundi kompyuta. Tuna duka dogo la spea. Yeye anatengeneza, mimi nauza. Tuna mtoto mmoja, yuko darasa la pili. Sina tabia ya kupekua simu ya mtu, na mashoga zangu hunicheka kwa hilo. Lakini siku hizi hata mume wangu akikohoa najiuliza amekohoa kwa sababu gani.

Ana mteja huko Masaki. Masaki ya Kisarawe jamani, ya mihogo na mikorosho, siyo ile ya Dar ya wenye nazo. Ni mzee mstaafu aliyefungua steshenari nyumbani kwake. Kompyuta yake ina Windows ya zamani, na hataki kuibadilisha kwa sababu printa yake haielewani na mpya. Kila Jumamosi mume wangu anaifuata hiyo mashine, na kila Jumamosi haiponi. Mashine sugu zipo, nazijua, ila inayougua kwa ratiba sijawahi kuiona. Nikamuuliza ina shida gani.

"Umeme ukikatika inarudi tarehe za nyuma, halafu haioni diski."

"Si ubadilishe betri?"

Akanikazia macho. "Wewe unajua nini? Diski ndiyo imechoka. Lazima niikague polepole, ni kazi ya kutwa."

Ninachokijua ni alichonifundisha mwenyewe wakati tunafungua duka. Kompyuta ina betri ndogo ya duara, kama sarafu. Ikiisha, kila umeme ukikatika mashine inasahau tarehe, na zile za zamani nyingine zinasahau hata mpangilio wa diski. Inakuandikia kwamba diski haipo, kumbe diski nzima kabisa. Betri hizo tunazo dukani boksi zima. Fundi asiyejua hilo siyo fundi, na mume wangu ni fundi mzuri.

Siku aliyokwenda Kariakoo kufuata mzigo, nikafunga duka. Nikachukua betri moja, nikaitia nukta ya rangi ya kucha nyekundu, kama ninavyofanya kwa kila spea inayotoka kwetu, ili mteja asije na ya duka jingine akadai ni yetu. Mkono ulifanya kwa mazoea tu. Nikaenda hadi Kisarawe mjini, na kutoka hapo nikapanda bodaboda.

Mzee nilimkuta barazani. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamwambia nimetoka dukani kwa fundi, nimekuja kuangalia mashine. Akafurahi. "Fundi wenu mstaarabu sana. Hapa kwangu haingii mwanaume asiye na shughuli, maana nina binti. Lakini yule anakuja, anafanya kazi yake, anakunywa chai, anaondoka."

Binti mwenyewe akatoka ndani, ndiye anayeuza hapo steshenari. Mzuri, sitasema uongo, na adabu anayo. Akanivuta pembeni baba yake asisikie.

"Wewe ndiye dada yake anayemsaidia dukani? Anakutaja sana. Karibu, wifi yangu. Zile korosho ninazokutumia unazipata?"

Korosho! Kila Jumamosi mume wangu aliniletea korosho akisema kanunua njiani. Nimezila. Nimezisifia. Hata mtoto nimemfungia za kwenda nazo shule.

Nilitaka kupiga ukunga, lakini mdomo ukasema, "Nazipata, asante." Mpaka leo sijui kwa nini nilikubali kuwa dada wa mume wangu. Nadhani aibu ilitangulia, hasira ikaja nyuma.

Nikafungua mashine. Diski nikaisikiliza, inazunguka taratibu, haigongi. Betri ilikuwa imekufa, ina vumbi juu, hakuna aliyeigusa. Nikaweka yangu, nikarekebisha tarehe na mpangilio wa diski, nikachomoa waya wa umeme, nikachomeka tena. Ikawaka bila kulalamika. Mzee akanishukuru mpaka nikaona haya. Nikamwomba binti asimwambie fundi kwamba nilikuja, eti ataona namwingilia kazi. Akaapa. Mzee sikuthubutu kumwomba.

Jumamosi mume wangu akaenda kama kawaida. Nikasema moyoni, leo atarudi mapema. Akarudi jioni, na korosho mkononi.

"Vipi ile mashine?"

"Bado. Diski ile ni ya kufa tu. Wiki ijayo nitarudi tena."

Jumatatu nikafungua boksi la betri nimuuzie mteja. Juu ya zile mpya ilikuwepo moja imetolewa kwenye pakiti, ina nukta nyekundu. Yangu. Mtu mzima amechomoa betri kwenye mashine nzima ya mzee wa watu, akairudishia ugonjwa ili aendelee kuitwa.

Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Labda hakuiona nukta, akairudisha boksini bila kufikiri. Au aliiona, akajua ni mkono wangu, akaiweka mahali ambapo lazima ningeikuta. Sijui kama binti alitunza siri, wala kama mzee alinitaja. Mume wangu hajasema neno, ila tangu siku hiyo ananisemesha kwa upole kuliko zamani, na upole huo unaniogopesha. Tunakula sahani moja, kila mmoja anamchungulia mwenzake.

Betri ninayo kwenye pochi. Nifuatane naye nikaiweke mbele ya mzee na kujitambulisha mimi ni nani? Namwonea huruma na yule binti, hajanikosea kitu, amenipenda kama wifi yake. Au nimalizane na mume wangu hapa hapa nyumbani, kabla hajakana kila kitu?

Kesho ni Jumamosi, begi lake la vifaa liko tayari mlangoni. Ameniuliza, huku anatabasamu, kama safari hii aniletee korosho nyingi zaidi. Ndugu zangu, nimjibu nini?