Ng'ombe Niliomdai Mwalimu wa Kabula Mbele ya Wazazi

Aibu hii naiandika mwenyewe, maana huku Dutwa kila mtu anaisimulia na kila mtu anaongeza chumvi yake, na mimi niliyeishia darasa la nne nimeona bora niiweke ilivyo na waliohusika niwataje: wa kwanza Masanja, kaka wa mke wangu, wa pili mimi.

Msimu wa pamba nilimrudisha binti yangu Kabula kutoka chuo kikuu pale Bariadi mjini aje kuchuma (wiki tatu tu, nilisema, masomo hayakimbii), na mchana mmoja akaja kijana na pikipiki, shati limenyooka, akanisalimu kilugha "Mwadila, baba" kama mtu wa kwetu kabisa, akajitambulisha ni Malimi, mwalimu wa Kabula, amekuja kumjulia hali. Nikamwambia anaumwa, yuko kwa bibi yake, wakati mtoto yuko shambani mgongo umepinda. Akauliza Kabula anapenda nini, nyumbani anafanya kazi gani, baadaye anataka kuwa nani, yote anaandika. Tukamchinjia kuku. Masanja akampa firigisi (kwetu ni ya mwenye nyumba au mkwe, hapewi mtu wa kupita) na yule akaila.

Alipoondoka tu Masanja akanishika mkono. "Shemeji, umelala? Mwanaume atoke mjini kuulizia binti, ale firigisi kwako, halafu unasema mwalimu? Ana haya huyo. Mfungue mdomo!"

Kabula aliposikia mwalimu kaja, kesho yake alfajiri akarudi chuo bila kuniaga. Na mimi juma lililofuata nikaenda na Masanja kumfungua mtu mdomo, tena wapi, kwenye kikao cha wazazi, ukumbi umejaa, mkuu wa chuo ametoka kutusomea maneno ya ukutani kwamba chuo kinamkuza mwanafunzi akili na utu na hakuna atakayeachwa nyuma, akasema mzazi mwenye neno asimame. Mimi huyo, na koti la kuazima. Nikasema malezi nimeyaona, mwalimu Malimi amefika kwangu na amekula, sisi hatuna kinyongo, alete ng'ombe kumi na tano, Kabula ni wake.

Mama mmoja nyuma akasema, "Yesu wangu!" Mkuu wa chuo akavua miwani, akamtazama Malimi kwa jicho la kumfukuza mtu kazi.

Malimi akasimama. "Mzee, mimi nina mke. Hapa mwanafunzi akikosa vipindi tunamfuata hadi nyumbani. Kabula zilibaki siku chache afutwe chuo. Wewe uliniambia anaumwa."

"Sikuumwa." Alikuwa Kabula, kasimama upande wa wanafunzi, mikono kainyoosha mbele, mikwaruzo ya pamba bado mibichi. "Nilikuwa nachuma pamba yake. Bhabha, kaa chini."

Nikakaa. Nikageuka kumtafuta Masanja kitini, eti kaenda chooni, na hicho choo mpaka leo hajakiona.

Kabula hawakumfuta, na Malimi hakufukuzwa, nashukuru. Nimeapa akija tena mtu wa chuo nitamwita Kabula ajibu mwenyewe, mimi nifunge mdomo. Lakini mwaka huu chuo kilipowapa wanafunzi fomu mpya, pale pa mzazi wa kupigiwa simu Kabula ameandika mama yake. Nikamuuliza, na mimi je? Akasema, "Bhabha, palikuwa na nafasi ya mtu mmoja."