Ndege Aliyepigiwa Kura

Ukiishi Area D na majirani wanaofanya kazi bungeni, hata rangi ya geti inaitishiwa kikao. Basi shule ya binti yangu ilipotaka kila mtoto achorewe ukutani ndege wa kwao, wazazi tuliitwa darasani, na mwenyekiti akapatikana kabla hatujaketi vizuri.

Mimi ni Mpemba. Binti yangu kazaliwa hapa hapa Dodoma, bahari anaiona kwenye kalenda. Nilitaka ajue kitu kimoja tu cha kwetu, kwa hiyo nikapeleka picha ya ndege mdogo wa msitu wa Ngezi: mgongo wa kijani, tumbo la njano, na duara jeupe kuzunguka jicho, utadhani kavaa miwani. Duniani kote anapatikana Pemba tu.

Picha ikazungushwa. Mzazi mwenye shamba la zabibu Makutupora akacheka. "Dada, hawa si ndio tunawafukuza kwa kupiga madebe kila msimu?"

Nikamweleza kwamba wale ni ndugu zake, wanafanana, ila huyu hajawahi kuvuka maji. Akanijibu kuwa zabibu zake haziulizi ndege katoka wapi. Mwingine, mchangamfu wa kukera, akataka kujua ndege wa kisiwani anakuwaje mdogo hivi, hata mkia wa maana hana. Mwenyekiti akakohoa. "Wanaoafiki aongezewe mkia na kifua chekundu waseme ndiyo."

Darasa zima likaitika ndiyo. "Siyo" niliisema peke yangu. Hoja ikapita, tukagawiwa soda, na kwa hasira yangu nikaiacha mezani. Fundi akachora lidude jekundu lenye mkia wa jogoo, chini akaandika NDEGE WA PEMBA. Kila asubuhi mwanangu alisimama chini yake akijidai.

Likizo ilipofika nikampeleka Pemba kwa bibi yake. Asubuhi moja, kwenye mpera nyuma ya nyumba, akatua mwenyewe na miwani yake, akawa anadonoa. Machozi yalinilengalenga. Nikambeba mtoto juu amwone vizuri.

Akamtazama kidogo tu. "Huyu siye, mama. Wetu ni mwekundu."

Bibi yake akamwambia kwamba ndiye, kamwona tangu utotoni. Mwanangu akamgeukia kwa upole kabisa, kama anayemwelekeza mgeni.

"Bibi, tulishapiga kura."