Boriti ya Mama Cheche

Mtaa mzima ulimjua kwa mageti. Ukiona geti ambalo huoni hata lilipoungwa, hilo ni la Mama Cheche, usibishane. Akimaliza kuchomelea alichukua grenda, akasaga kila mshono mpaka chuma kikawa laini kama shavu la mtoto, ndipo akakubali lipakwe rangi. Wateja walipenda, naye alipenda kupendwa. Nani asiyependa?

Kaka yake mkubwa, mwashi, hakuwa na habari na vyuma. Kwake nyumba ni tofali, basi.

"Mdogo wangu, geti likianguka unaliinua," alizoea kumwambia. "Ghorofa ikianguka utainua nini?"

Kisha akatokea mshonaji mmoja aliyejenga nyumba aitakayo yeye, si ya kuiga kwa jirani. Chini alitaka chumba kipana cha kushonea, meza ya kukatia vitambaa ipite katikati, na asione nguzo hata moja. Juu, vyumba vya wanawe. Ukuta wa juu ungebebwa na boriti ya chuma. Uchochoro wa kuingilia ulikuwa na kona kali, kwa hiyo boriti ikaja vipande viwili, na kazi ya kuviunga kwa mabamba ya chuma akapewa Mama Cheche. Hajawahi kuunga kitu cha kubeba nyumba. Akiweza, atakuwa fundi wa nyumba. Akishindwa, arudi kwenye mageti mpaka azeeke. Aliitaka kazi hiyo mpaka usingizi ukamruka.

Mwashi alikubali kuujenga ukuta wa juu, lakini akapanga tofali za nguzo pembeni mwa chumba. "Za akiba," akasema, macho yakicheka. "Na chini ya chuma chako sipiti, nakwambia mapema."

Boriti ikapandishwa, ikashikiliwa kwa mirunda, ile miti ya kuegemezea. Mama Cheche akachomelea kwa utulivu, moto ukakaa vizuri, magamba ya juu ya mshono yakabanduka yenyewe. Halafu akachukua grenda, akasaga na kusaga.

Asubuhi yake mshonaji akapanda ngazi, akapitisha vidole kwenye kiungo.

"Jamani, dada! Mbona sioni hata ulipounga?"

Mama Cheche akacheka, kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Geti halibebi kitu isipokuwa sifa. Boriti hushikwa na lile tuta la chuma kilichoyeyuka kandokando ya bamba, na tuta lenyewe yeye alikuwa amelisaga likaisha. Mkono ulifuata ulichozoea, na mazoea yana taabu.

Mwashi alikuwa chini anakoroga saruji ya ukuta. Pengine boriti ingeshika. Lakini pengine si neno la kuweka chini ya vitanda vya watoto waliolala. Mama Cheche akamwendea.

"Kaka, acha kukoroga. Nimeharibu."

Akaeleza yote, mbele ya mshonaji, bila kujitetea. Mwashi akasimama na koleo mkononi. Ungedhani siku yake imefika ya kusema, nilisema mimi. Akazitazama tofali zake za akiba, akamtazama dada yake.

"Inarekebishika?"

"Inarekebishika. Lakini haitapendeza."

"Mimi hata nikishona suruali ya kazi, mshono wa ndani haupendezi," mshonaji akadakia. "Wewe ushike tu."

Basi Mama Cheche akavaa kinyago chake cha kuchomelea, akapanda tena. Akajaza chuma pale alipokisaga, polepole, mstari juu ya mstari, mpaka tuta likasimama nene. Likawa na mabonde na vilima, na kila mkono ulipomwasha kulisaga alikumbuka grenda ameifungia nyumbani. Alijijua, masikini. Mhandisi akaja, akakagua kila upande, akaridhika.

Ukuta wa juu ukapanda. Saruji ilipokomaa, mwashi mwenyewe akaingia na nyundo, akaanza kuangusha mirunda mmoja mmoja. Mama Cheche alisimama mlangoni, kashika fremu, pumzi kaifunga. Wa mwisho ukaanguka. Boriti ikakaa kimya, kama vile haijawahi kuhitaji msaada wa mtu.

Mwashi akachukua ndoo tupu, akaigeuza, akaiweka chini ya kiungo kabisa, akakaa.

"Kaka, toka hapo kwanza."

"Nitoke niende wapi? Nimechoka, na hapa pana kivuli." Akainua macho akalitazama lile tuta baya lisilosagwa, akalitazama muda mrefu. "Zile tofali za nguzo, mwambie mshonaji nitamjengea ngazi ya mlangoni. Na niletee maji ninywe, fundi."

Miaka yote alimwita mdogo wangu. Mama Cheche akaenda kuyafuata maji, akalia njia nzima mpaka kwenye bomba.